Mwongozo: kuchagua viazi mviringo vya muda mfupi kwa kipande kidogo, Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Septemba, watu wakishaanza kusafisha mashamba kungoja mvua, maswali huwa ni yale yale. Nipande aina gani itakayowahi? Viazi vya kula nikivinunua pale Uyole vinafaa kuwa mbegu? Mbona jirani ameshachimba na mimi bado naangalia maua? Majibu yote nimeyaweka hapa, kwa ajili ya mwenye kipande kidogo: kiwanja nyuma ya nyumba mjini Mbeya, robo eka kule Umalila au Isongole, kinyungu (bustani ya bondeni) Iringa au Njombe. Mwenye eka kumi na lori la kupeleka Dar ana hesabu zake, hazifanani na zako.

Kabla ya yote, shika hili: aina ya muda mfupi huchaguliwa kwa kalenda kwanza, jina la aina linafuata. Watu wengi hufanya kinyume. Wanasikia jina linavuma, wanatafuta mbegu kwa udi na uvumba, wanapanda, halafu wanashangaa sakitu (baridi inayogandisha umande) ya Juni ikiwakuta viazi vingali kama gololi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipande ambacho hakijabeba viazi, nyanya, nyanya chungu, biringanya, pilipili wala tumbaku kwa misimu mitatu iliyopita. Hizo ni ndugu wa ukoo mmoja na zinaambukizana magonjwa. Palipokuwa na mahindi, maharage, ngano au pareto ni pazuri.
- Mbegu kilo 20 hadi 25 kwa kipande cha mita 10 kwa 10. Kwa nafasi ya sentimita 75 mstari hadi mstari na sentimita 30 shimo hadi shimo, kipande hicho kinachukua mashimo kama 430.
- Samadi iliyooza vizuri, toroli tatu au nne kwa kipande hicho hicho. Mbolea ya DAP kilo 2.5 hivi ya kupandia, na CAN kilo 2 ya kukuzia.
- Kreti za mbao au chanja ya kuchipulishia mbegu, mahali penye kivuli na hewa.
- Dawa ya ukungu, glavu na bomba la kupulizia. Usisubiri ugonjwa ndipo uanze kuazima bomba.
- Daftari na kalamu. Hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na msimu wa pili ndiyo utakayoitafuta.

Hatua ya 1: Hesabu wiki ulizonazo, kwa kurudi nyuma

Kaa chini na daftari. Andika tarehe ambayo lazima viazi viwe vimetoka ardhini, halafu hesabu kurudi nyuma hadi siku ya kupanda.

Kwetu mvua huanza Novemba na kukatika Aprili, sehemu za Rungwe zikisogea hadi Mei na zaidi. Juni na Julai ni baridi, na huko juu, Umalila, Makete na kingo za Kitulo, sakitu inababua majani kwa usiku mmoja. Sasa angalia hesabu hii. Ukipanda aina ya siku 90 mwanzoni mwa Novemba, unachimba mwanzoni mwa Februari. Unaandaa ardhi upya, unapanda zao lingine katikati ya Februari, na katikati ya Mei unakuwa umemaliza, udongo bado una unyevu na baridi kali haijafika. Ukipanda aina ya siku 120 tarehe ile ile ya Novemba, unachimba mwanzoni mwa Machi. Zao la pili linaingia katikati ya Machi na linatakiwa kusimama shambani hadi katikati ya Julai. Mvua imeshakatika, sakitu imeshafika. Tofauti ya mwezi mmoja kwenye aina moja imekupotezea zao zima. Na zao hilo la pili si lazima liwe viazi. Kwa afya ya udongo ni bora liwe maharage au njegere.

Kwa mwenye kinyungu hesabu ni nyingine. Hapo unapanda sakitu ikiisha, mwishoni mwa Julai au Agosti, na unataka kutoka kabla mvua za Novemba hazijajaza maji bondeni. Hizo ni siku 90 hadi 100 tu. Aina ndefu haina nafasi kabisa kwenye kinyungu. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Pima kabla hujaingiza jembe.

Hatua ya 2: Ongeza siku kwa ajili ya mwinuko

Siku zinazoandikwa kwenye lebo ni za wastani. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo baridi inavyochelewesha viazi. Aina inayokomaa kwa siku 85 karibu na mjini Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, inaweza kukuchukua wiki mbili zaidi ukiwa juu ya mita 2,300. Uliza mwinuko wa kijiji chako kwa bwana shamba au angalia kwenye simu, kisha ongeza siku hizo kwenye hesabu ya hatua ya kwanza. Asiyeziongeza ndiye anayekuja kulalamika kwamba ameuziwa mbegu feki.

Hatua ya 3: Amua viazi ni vya nani

Vya kula nyumbani, chagua unachokipenda mdomoni. Hakuna wa kukupangia. Vya kuuza rejareja Mwanjelwa au barabarani kwa ndoo na debe, angalia rangi ya ngozi ambayo wateja wa hapo wamezoea. Vya kuwauzia wakaanga chipsi panahitaji uangalifu zaidi: mkaangaji anataka kiazi kikavu ndani, chenye macho ya juu juu ili asipoteze nyama wakati wa kumenya. Aina nyingi za muda mfupi zina maji mengi, na zikichimbwa kabla hazijakomaa zinanyonya mafuta na chipsi zinatoka nyeusi. Ukikimbilia soko la chipsi kwa viazi vichanga, mteja atanunua mara moja tu.

Hatua ya 4: Chagua aina mbili, usichague moja

Kwa lugha ya shambani tunagawa hivi: muda mfupi ni siku 75 hadi 90, wa kati ni siku 90 hadi 110, mrefu ni zaidi ya hapo. Yafuatayo ni majina utakayokutana nayo.

*Asante.* Ngozi nyekundu ya waridi, nyama nyeupe. Ni ya muda wa kati, na kwa bakajani chelewa (wengi tunaita ukungu) inavumilia kiasi. Ilisajiliwa nchini 2012. Kwa anayeanza, anayepanda Novemba wakati wa mvua nzito, ningemwambia aanze na hii kabla ya kujaribu iliyo fupi zaidi.

*Sherekea.* Ilisajiliwa mwaka huo huo. Nayo ina ngozi nyekundu, na kwa ukungu ni ngumu kuliko Asante, lakini si ya kukimbizana na kalenda. Ipande pale ambapo ukungu unakusumbua kuliko muda.

*Sagitta.* Imetoka Uholanzi. Nyama ya njano, kiazi kikubwa, wakaanga chipsi wanaipenda. Mbegu yake inahitaji matunzo mazuri ya mbolea na dawa. Usiipeleke kwenye udongo uliochoka. *Jelly*, yenyewe ya Ujerumani, ni nzuri ila inachelewa. Mtu akikuuzia kama ya muda mfupi, muulize mara mbili.

*Shangi.* Ni ya Kenya, inakomaa chini ya miezi mitatu na usingizi wake ni mfupi sana: wiki chache tu baada ya kuchimbwa inaanza kuchipua. Hilo ni zuri kwa mbegu, ni baya kwa ghala. Ukungu unaipenda. Usiibebe kiholela kwenye gunia kutoka mpakani, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko nao husafiri kwenye gunia hilo hilo.

Zipo aina za zamani zilizotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, kama Kikondo, Tana, Subira, Baraka na Bulongwa, na yapo majina ya mitaani kama Arika, Kagiri na Kidinya. Haya ya mitaani yanabadilika kata hadi kata, na jina moja linaweza kubeba viazi viwili tofauti. Ukiambiwa jina, usiishie hapo. Uliza: ulipanda lini, ulichimba lini, ulipuliza dawa mara ngapi? Mkulima aliyekilima kweli atajibu bila kusitasita.

Sasa, kwa nini mbili? Kwa sababu sifa za muda mfupi na za kuvumilia ukungu ni nadra kukaa kwenye kiazi kimoja. Theluthi mbili ya kipande weka aina unayoiamini, theluthi moja weka ile unayoijaribu, mistari ikae pembeni kwa pembeni. Baada ya msimu mmoja utakuwa na jibu la udongo wako mwenyewe.

Hatua ya 5: Kagua mbegu kwa mikono yako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Jina la aina linaweza kuwa sahihi kabisa na mbegu ikawa imeoza kwa magonjwa. Nikipewa nichague kati ya aina ya kawaida yenye mbegu safi na aina maarufu yenye mbegu ya mashaka, nachukua ya kwanza bila kufikiri.

Anzia TARI Uyole, kituo hicho cha utafiti, pale njiapanda ya kwenda Tukuyu. Waulize mbegu zao, au wakuelekeze kwa wazalishaji waliokaguliwa. Mbegu iliyothibitishwa ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayokagua ubora wa mbegu. Ipo pia mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora, inayozalishwa na wakulima waliofunzwa na kuuzwa karibu na ilikozalishwa. Bei yake ni nafuu na kwa kipande kidogo inatosha kabisa.

Ukiwa mbele ya gunia, fanya hivi:

a) Mwambie muuzaji amwage. Juu ya gunia hupangwa vizuri. Unachokitafuta kiko katikati. Asiyekubali kumwaga, aga kwa heshima uondoke.

b) Angalia ukubwa. Mbegu nzuri ni ya saizi ya yai la kuku, milimita 30 hadi 60. Gunia lililojaa vidogo vya saizi ya gololi mara nyingi ni mabaki ya mimea yenye virusi, kwa maana mmea mgonjwa huzaa vidogo.

c) Tazama macho ya kiazi. Udongo ukiwa umeng'ang'ania kwenye macho kama umegandishwa kwa gundi, na maeneo mengine ni makavu, huo ni usaha wa mnyauko bakteria umekauka na udongo. Matundu madogo yenye unga mweusi karibu na macho ni ya nondo wa viazi.

d) Lipia viazi vitano, vikate katikati upande wa kitovu, pale kilipokuwa kimeshika mmea. Minya kwa vidole. Ukiona pete ya kahawia na ute mweupe wa maziwa unachuruzika kutoka kwenye pete, acha gunia zima. Usishawishike na bei. Mnyauko ukiingia kwenye udongo wako utakaa miaka, na hakuna dawa ya kupuliza inayouondoa.

e) Uliza tarehe ya kuchimbwa. Viazi vilivyochimbwa juzi vimelala. Aina nyingi hulala miezi miwili hadi mitatu. Ndiyo maana anayetaka kupanda Februari hawezi kutegemea viazi alivyochimba Februari hiyo hiyo. Mbegu ya Februari huandaliwa mapema, kutoka zao la kabla yake.

Hatua ya 6: Chipulisha kabla ya kupanda

Ukipanda mbegu iliyolala umetupa faida yote ya aina ya muda mfupi, maana wiki tatu zinapita kiazi kikiwa bado kinaamka ardhini. Panga mbegu kwenye kreti, safu moja au mbili, mahali penye mwanga hafifu na hewa, jua lisiingie moja kwa moja. Machipukizi yakitoka yawe mafupi, manene, ya kijani au zambarau, urefu kama sentimita moja hadi mbili. Yakiwa marefu na meupe, mahali pana giza mno. Yatavunjika yote siku ya kupanda. Kiazi chenyewe kitageuka kijani, usiogope, kwa mbegu ni kizuri. Ila usikipike, kiazi cha kijani kina sumu.

Tenga kile kinachotoa chipukizi moja jembamba kama uzi. Hicho kina virusi au kimechoka.

*Kosa la kawaida:* kukata mbegu vipande ili ziongezeke. Msimu wa mvua vipande vinaoza, na kisu kinahamisha mnyauko kutoka kiazi hadi kiazi. Kama huna namna, kata viazi vikubwa tu, kila kipande kiwe na macho mawili au zaidi, chovya kisu kwenye maji yenye Jik kila baada ya kiazi, na uache vipande vikauke siku mbili tatu kivulini.

Hatua ya 7: Panda

Lima kina cha kutosha, udongo uwe tifutifu. Chimba mfereji, tia samadi, kisha DAP kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, funika mbolea na udongo kidogo ili isiguse mbegu. Weka kiazi machipukizi yakitazama juu, fukia sentimita 10 hadi 15. Weka kijiti mwanzo wa kila mstari na uandike aina na tarehe. Bila kijiti, Desemba hutakumbuka kipi ni kipi.

Hatua ya 8: Inulia udongo, wahi ukungu

Mimea ikifika sentimita 15 hadi 20, palilia, weka CAN kando ya mmea na uinulie udongo kuwa tuta. Rudia wiki mbili au tatu baadaye. Aina za muda mfupi huanza kuweka viazi mapema, kwa hiyo anayechelewa kuinulia anaviacha juani vikigeuka kijani.

Ukungu unakuja na umande, manyunyu na mawingu ya siku tatu mfululizo, yaani hali ya hewa yetu ya Desemba na Januari. Tafuta madoa ya kijani-kahawia yenye mwonekano wa kulowa kwenye ncha za majani ya chini. Geuza jani asubuhi, ukiona utando mweupe pembezoni mwa doa, ndio wenyewe. Puliza dawa ya kinga yenye mankozebu kabla ya kuona doa, kila siku 7 hadi 10 mvua zikiwa nyingi. Dawa yenye metalaksili itunze kwa hatari, mara mbili tatu tu kwa msimu, la sivyo ugonjwa unaizoea. Soma kibandiko uone kipimo cha maji na siku za kusubiri kabla ya kuchimba. Vaa glavu na funika mdomo na pua.

Hatua ya 9: Chimba kwa majaribio

Usiamini tarehe peke yake. Siku kumi kabla ya tarehe ya daftari, fukua mmea mmoja kila aina. Sugua ngozi kwa dole gumba: ikichubuka, bado. Saizi ikiridhisha, kata mashina usawa wa udongo na uache viazi ardhini wiki mbili ngozi ikaze, kama mvua si nyingi mno. Vya kula wiki hiyo hiyo unaweza kuchimba vichanga, ni vitamu mno kuchemshwa na chumvi. Vya kuuza au kuhifadhi, subiri ngozi.

Andika kwa kila aina: siku ngapi tangu kupanda, ndoo ngapi kwa mstari, ukungu ulianza lini.

Mambo yakienda kombo

*Wiki ya nne, nusu ya mashimo hayajaota.* Fukua mawili matatu. Kiazi kigumu na kizima kilikuwa kimelala, subiri. Kimeoza na kunuka, maji yalituama au ulipanda vipande vibichi. Jaza mapengo kwa maharage, si kwa viazi vingine, maana vitachelewesha uchimbaji.

*Mmea umenyauka mchana, majani yangali mabichi.* Kata shina karibu na ardhi, uning'inize kipande chake ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea na udongo wake, toa nje ya shamba, usitupe kwenye mbolea wala mtoni. Usichukue mbegu kwenye kipande hicho, na usipande viazi wala nyanya hapo kwa misimu kadhaa.

*Majani yamejikunja, mmea umedumaa, hakuna doa.* Ni virusi, vilikuja na mbegu au na vidukari. Ng'oa mapema.

*Majani mengi, viazi vichache.* Umezidisha CAN au samadi, au mti unatia kivuli. Msimu ujao punguza.

*Aina ya siku 85 imefika siku 110 bado kijani.* Angalia hatua ya 2 na ya 6: mwinuko, au mbegu iliyopandwa ikiwa imelala. Kama vyote viko sawa, huenda si aina uliyoambiwa. Linganisha rangi ya maua na ngozi na viazi vya mtu anayeijua, kabla hujamwendea muuzaji.

*Nataka kubaki na mbegu yangu.* Inawezekana kwa msimu mmoja au miwili. Mimea ikianza kutoa maua, pita shambani ufunge kijiti kwenye iliyonyooka, yenye majani mapana yasiyo na madoa wala mikunjo. Pita tena baada ya wiki mbili, toa vijiti kwenye iliyoanza kuugua. Siku ya kuchimba, yenye vijiti chimba kwanza na peke yake, kila shina liangalie uzao wake: lenye viazi vichache au vyenye kasoro, vyote viende jikoni. Vilivyobaki ndiyo mbegu, hata kama vimetoka ndoo moja tu.